Mti wangu wa kunyonya damu haunishawishi hata mimi, naomba mawazo

Kalamu ya Mkaa
Wakuu habari za jioni. Naandika hadithi ndefu ya kubuni, dunia yangu mwenyewe, miezi miwili angani na nyika kavu isiyoisha, na humo kuna mti nimeuita mkupe, jina limetoka kwa kupe mtajua wenyewe kwa nini. Mpaka sasa nilivyouandika usiku mizizi inatoka ardhini inatambaa kama nyoka, inamfata mtu aliyelala inamnyonya mpaka anabaki kama gunia tupu. Nikamsomea mdogo wangu yuko kidato cha tatu, akacheka, ananiambia braza huo sio mti huo ni mumiani kavaa majani. Imeniuma kwa sababu ni kweli. Nataka uwe mti kweli, usimame palepale ulipoota, na bado unywe damu. Uchawi upo ila nimeuweka akiba, msinijibu uchawi.

Mzee wa Mbegu
Jiulize kwanza damu ni ya nini. Mimea inayokula wadudu chakula inajipikia yenyewe juani kama mingine, inachowinda ni naitrojeni maana inaota kwenye udongo fukara. Kuna ule wa Marekani wenye jani kama mdomo wa meno, kwao hasa ni Carolina ya Kaskazini na ya Kusini, nzi akigusa kinyweleo mara moja haufungi, mpaka kiguswe tena ndani ya sekunde kama 20, kwa sababu kufunga ni gharama na hautaki kujichosha kwa tone la mvua. Kwa hiyo mkupe uwe bahili, usimkimbize mtu. Mti wenye mbio ungehamia kwenye udongo mzuri tu ukaachana na damu za watu 😂

Na mnyonyaji wa kweli unaye nyumbani, nenda shamba la mahindi lenye gugu la kiduha. Mbegu zake ni kama vumbi, zinakaa ardhini miaka na miaka zimelala, haziamki mpaka mzizi wa mhindi upite karibu na utoe kemikali yake, hapo ndo zinaota zinajibandika kwenye mzizi, na mahindi yanaanza kudumaa kabla hata hujaliona gugu juu ya ardhi. Likitoka sasa lina maua mazuri balaa. Hilo ndo la kuogopa mimi naona, sio mizizi kutambaa.

ruba_wa_mtoni
Mzee kasema vizuri ila damu inaganda jamani!! Ukijikata kidole dakika chache tu ishakuwa nzito. Na mti hauna moyo wa kusukuma, maji yanapanda kwa sababu majani yanatoa mvuke juani ndo yanavuta kutoka chini, kama wewe unavyovuta soda kwa mrija. Halafu mirija ya mti ina vichujio vidogo mno, chembe nyekundu za damu hazipiti, zingeziba siku ya kwanza. Kwa hiyo mkupe unahitaji dawa ya kuzuia damu isigande kama mate ya ruba (si unajua ruba ukimtoa kidonda kinaendelea kuchuruzika muda mrefu), unahitaji ganzi ili mtu asishtuke, na mfuko kwenye mzizi wa kuimeng'enya damu kwanza ndo ipande.

Sasa utamu uko hapa. Kama anayevuta ni jua basi usiku mkupe wako umelala. Unakunywa saa saba mchana jua la utosi. Na saa saba mchana huko nyikani mtu anakimbilia wapi? Kivulini.

Kalamu ya Mkaa
Mkuu hapo umenitisha kweli, nafuta sura mbili zima.

Mwana Mikoko
Mie mtu wa pwani ntasema la pwani. Damu ina chumvi. Ile dripu ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 kwa lita ndo iendane na damu, sasa nyweshea mche wowote maji hayo kila siku uone kama haukauki. Ila kuna mchu huku kwetu, unaota kwenye maji ya bahari kabisa na chumvi inayozidi unaitoa kwa majani, lamba jani utaniambia. Mkupe nao ufanye hivyohivyo, damu iingie chini chumvi itoke juu. Halafu nyika yote hiyo kavu, swala, ng'ombe, mbuzi, nani asiyetaka chumvi? Watakuja wenyewe kulamba majani, na wakija wanasimama wapi, si juu ya mizizi.

Kupe Mstaarabu
Hapo kwenye gunia tupu mimi nakataa. Kupe hamuui ng'ombe kwa kumnywa siku moja, atakula nini kesho. Mtu mzima ana damu kama lita 5 na akichangia anatolewa chini ya nusu lita, anakunywa soda anaenda zake. Mkupe uchukue kikombe kimoja tu, mtu aamke kizunguzungu adhani ni joto.

Mzee wa Mbegu
@Kupe Mstaarabu sawa kabisa. Miti inayomeza watu wazimawazima waachie magazeti, mwaka 1874 gazeti moja la New York lilichapa habari ya mti unaokula watu huko Madagaska, watu wakaamini miaka mingi na ulikuwa uongo mtupu.

Kalamu ya Mkaa
Wakuu nimeandika upya usiku kucha. Sasa kuna kijiji kinaishi kwa kuuza chumvi ya mkupe, wanakung'uta majani alfajiri mti ukiwa umelala, na kila familia ina zamu yake ya kumpeleka mtu akakae kivulini mchana. Kikombe kimoja. Sura ya kwanza ni zamu ya binti wa miaka kumi na tano, na mwaka huo mvua haijanyesha kwa hiyo mti una kiu kuliko kawaida.

Mdogo wangu hajacheka. Kaniuliza tu kwa nini baba yake hakwenda yeye, na mimi hilo sijaliandika bado.