Naomba ushauri: modeli ya jotoridi la dunia na usawa wa bahari

Wakuu, nahitaji msaada wa wanaojua takwimu za mfuatano wa wakati.

Najaribu modeli ya mwanasayansi wa tabianchi Stefan Rahmstorf ya mwaka 2007. Inasema kasi ya bahari kupanda hutegemea jotoridi limezidi kwa kiasi gani kile kiwango ambacho bahari ingetulia. Yeye alipata takriban milimita 3.4 kwa mwaka kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Hesabu yenyewe ni mstari mnyoofu tu.

Kinachonisumbua ni kulainisha data, yaani kupunguza mabadiliko ya mwaka hadi mwaka ili mwelekeo wa muda mrefu uonekane. Nikitumia dirisha la miaka 15, uhusiano unapendeza mno, hadi nautilia shaka. Mifuatano yote miwili, wa jotoridi na wa usawa wa bahari, imepanda katika karne ya 20, na vitu viwili vinavyopanda pamoja huonekana ndugu hata kama havijuani. Tena kulainisha kunapunguza idadi ya pointi zilizo huru, kwa hiyo makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa makadirio) yanatoka madogo kuliko uhalisia.

Je, niache data za kila mwaka zilivyo, nitumie modeli inayoruhusu masalia (tofauti kati ya data na makadirio ya modeli) ya mwaka huu kutegemea ya mwaka uliopita? Au nikadirie kwa nusu ya kwanza ya data, kisha nione kama inatabiri nusu iliyobaki? Mimi naegemea hili la pili.

Halafu kile kipengele cha kasi ya jotoridi lenyewe kubadilika, walichoongeza kwenye modeli Vermeer na Rahmstorf mwaka 2009: data za setilaiti za usawa wa bahari, zinazoanzia 1993, zinatosha kukikadiria?

Natumia R (lugha ya programu kwa ajili ya takwimu). Mwenye msimbo wa mfano auweke hapa, tafadhali.