FISH (kipimo cha kung'arisha jeni kwa rangi) ya BCR-ABL1 (muunganiko wa jeni mbili kwenye saratani ya damu): nukta za kijani hafifu, ukungu kila mahali

Wakuu, slaidi za uboho, probu (vipande vya DNA vyenye rangi vinavyonasa jeni) ya rangi mbili. Nyekundu safi, kijani imefifia ndani ya ukungu. Nimeosha kwa 0.4×SSC (maji ya chumvi ya kuoshea), 73°C, dakika 2. Ni kamera?

— Kamera baadaye. Huo ukungu mara nyingi ni saitoplazimu (ute wa seli nje ya kiini) iliyobaki, nayo hung'aa yenyewe kwenye kijani. Kagua slaidi kwa fezi kontrasti (hadubini inayoonyesha seli bila kuzipaka rangi) kabla ya probu. Ukiona utando kuzunguka kiini, tumia pepsini (kimeng'enya kinachosaga protini) 37°C. Ukizidisha, viini vinaliwa.

— Pima joto ndani ya chupa ya kuoshea, sio kwenye bafu la maji moto linaloizunguka! Slaidi baridi zikiingia nyingi kwa pamoja, joto hushuka.

— Piga picha tabaka kwa tabaka. Lakini ukizibana tabaka kuwa picha moja, nukta zilizopandana kwa kimo tofauti huonekana kama muunganiko wa jeni, kumbe sio.