Vifaranga vya kambare wanajibanza gizani, niwafungie taa?

MkulimaNaliendele
Habari zenu wana jamvi. Niko Naliendele, Mtwara. Hela ya korosho msimu uliopita nimeiingiza kwenye kambare: matanki mawili ya zege chini ya bati, ukuta wa mashariki nimeuacha wazi nusu hewa ipite. Mayai yameangua vizuri tu. Linaloniumiza kichwa ni tanki lililo karibu na uwazi. Vifaranga wote wamejibanza nyuma ya bomba la kutolea maji, wamelaliana rundo moja, na jua likisogea na wao wanahama. Tanki la ndani, penye kivuli, wametapakaa sakafu nzima.
Jana nimeanza kuwapa atemia, wale vidudu vya chungwa vya kulishia vifaranga, tunaowaangua kutoka mayai ya kopo. Tanki la ndani matumbo yote yana rangi ya chungwa, la nje wachache sana. Jirani anasema nifunge balbu iwake usiku kucha ili waone chakula. Nifunge?

Sato_Masasi
Mkuu funga bila wasiwasi. Vifaranga vyangu vya sato wanakuja juu penye mwanga, wanakula kwa macho, giza likiingia wanaacha. Samaki ni samaki.

BiKambare_Ngapa
Kaka wa Naliendele, usifunge hiyo balbu. Mimi nazalisha kambare hapa Ng'apa, Lindi, na hili la mwanga nalisema kwa kila mfugaji mpya ninayekutana naye, maana watu wanapoteza vifaranga halafu lawama inakwenda kwenye maji au chakula.

Kambare anaukimbia mwanga tangu anapoangua. Siku zile za mwanzo kabisa, akiwa bado na kiini cha yai tumboni, hali kitu, anatafuta giza na kutulia. Kwa hiyo hao walio nyuma ya bomba si wagonjwa, wamekimbia jua. Ubaya ni rundo lenyewe. Wa chini kabisa wanakosa oksijeni wakati kona ya pili maji ni mazuri kabisa. Na usitegemee ule uwezo wa kambare mkubwa wa kupanda juu na kuvuta hewa, kiungo kile kwa umri huu hakijakomaa.

Sasa atemia. Wewe mwenyewe ukishaangua atemia unawatenganishaje na maganda? Unaweka tochi upande mmoja wa chombo, wanaufuata mwanga, unawanyonya na mpira. Tanki lako la nje linafanya kazi hiyohiyo bila wewe kutaka: atemia wote wako upande wa uwazi, kambare wote wako nyuma ya bomba. Chukua muda ukachungulie asubuhi jua likiingia, utaona wingu la chungwa limejikusanya pembeni kwenye mwanga na hakuna hata kifaranga mmoja aliye karibu nalo. Tena atemia ni mdudu wa maji chumvi, kwenye maji baridi haishi zaidi ya masaa machache. Asipoliwa mapema anakufa, anaoza sakafuni, na bei ya kopo unaijua. Tia giza tanki zima, mlaji na chakula wote watatawanyika, watakutana. Wala usiogope kwamba hawataona. Kambare anakitafuta chakula kwa sharubu, kwa kuonja na kunusa.

Jambo la tatu ni kulana. Penye mwanga mkali wachanga hawatulii, wanaogelea muda wote, wanagongana, wanang'atana mikia, na yule aliyetangulia kukua anaanza kuwameza wenzake. Watafiti wamewalinganisha waliofugwa kwenye mwanga na waliofugwa gizani, na wa gizani ndio waliokua vizuri na kuumizana kidogo. Ila usije ukadhani giza peke yake linatosha. Kuchambua kwa ukubwa kuko palepale, na kulisha mara nyingi, usiku ukiwemo.

Sato_Masasi, kwa sato uko sahihi, yule ni samaki wa mchana. Hiyo "samaki ni samaki" ndiyo siikubali hata kidogo.

Mwatiko_Mikindani
Naunga mkono. Sisi wa mwatiko, yule samaki wa bahari anayefugwa mabwawa ya pwani, tuko upande wa sato. Kifaranga cha mwatiko tunayemwokota kwenye vidimbwi vya mikoko ni kama kipande cha kioo chenye macho mawili meusi, na anakula kwa macho, mchana. Mwanga anaufuata. Ufilipino waokotaji huwasha taa usiku ili kuwavuta. Na kwenye vituo vinavyozalisha samaki wa bahari, wachanga bila mwanga hawaoni windo, wanakufa njaa. Hata hivyo mwanga wenyewe wanautawanya juu ya tanki lote, na kuta za ndani mara nyingi wanazipaka rangi ya giza, kwa sababu ukuta unaong'aa unawavuta wachanga, wanaubana na kuacha chakula katikati. Taa wanaipandisha polepole. Ukiiwasha ghafla wanashtuka, wanaruka na kugonga ukuta.

MkulimaNaliendele
Asanteni sana. Bi Kambare, nikifunika kote nitajuaje waliokufa? Na nifunike na nini? Turubai ninalo, lakini humu ndani kuna joto.

BiKambare_Ngapa
Turubai liache, linafungia joto na hewa haipiti. Tumia magunia ya korosho, yale ya katani, mapya au uyafue kwanza uyaanike. Mkunjo wa mara mbili juu ya fito unatosha, na upande wa uwazi uyaning'inize yashuke hadi chini ili jua la asubuhi lisipenye. Gunia au mfuko wowote uliowahi kubeba salfa au dawa ya mikorosho usiulete karibu na tanki hata kama umefuliwa. Dawa ya wadudu kiasi kidogo sana kinamaliza vifaranga wote.

Kuwakagua, inua kona moja polepole, tochi uizungushie kitambaa, umulike ukutani badala ya kumulika maji. Waliokufa ni weupe, nyonya na mpira kabla hawajaota ukungu. Pampu ya hewa isizimwe, na umeme ukikatika badilisha maji kidogokidogo.

Uzao ujao, siku ya kuangua, usifunike kote. Funika nusu. Wazima watahamia wenyewe upande wa giza, na upande wa mwanga yatabaki maganda, mayai yaliyooza na vilema. Ukishanyonya uchafu huo ndipo ufunike tanki lote.

Kwa leo anza na tanki la nje, kabla ya kuwalisha jioni. Ila lile rundo usilitawanye kwa mkono, ngozi yao ni laini mno. Funika tu, wape muda, watatoka wenyewe nyuma ya bomba, halafu uwape atemia. Kesho asubuhi angalia matumbo ya tanki hilo, utuandikie hapa.