Nianzeje kuchangia programu huria kwa bando la simu?

kimara_mwisho:
Wakuu, habari za jioni. Nimeona kosa la tahajia kwenye maelekezo ya mradi mmoja wa programu huria ulioko GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo), na baadaye ningependa kugusa hata msimbo wenyewe. Tatizo ni bando. `git clone` (amri ya programu ya git inayonakili mradi mzima) inafika katikati, mtandao unayumba, nikirudia inaanza sifuri. Laptop ni ya Windows, intaneti naunganisha kutoka kwenye simu. Halafu nikijaribu kupandisha kitu kwa git, neno la siri linakataliwa ingawa ndilo ninaloingilia kwenye tovuti. Naanzia wapi?

fundi_msimbo:
Karibu sana mkuu. Kwa kosa la tahajia usishushe chochote. Lifungue faili hilo kwenye tovuti, bonyeza alama ya penseli, sahihisha, tuma. GitHub yenyewe itakutengenezea nakala ya mradi kwenye akaunti yako na kukuongoza mpaka kwenye pulrikwesti (ombi la kuingiza badiliko lako kwenye mradi).

Ukifika kwenye msimbo: `git clone` ikikatika haiendelei pale ilipoishia, kwa hiyo chukua kidogo kidogo.

`git clone --depth 1 ANWANI`
`git fetch --deepen=100`

Ya kwanza inaleta hali ya sasa tu bila historia. Ya pili irudie kila mtandao ukitulia. Ikikamilika, kilichoingia kimeingia. Wengi watakushauri `--filter=blob:none`. Ni nzuri, ila yaliyomo kwenye faili za zamani yanabaki kule kwenye seva, hivyo ukitaka `git blame` (kuona nani aliandika mstari upi) bando likiwa limeisha utakwama.

Neno la siri: GitHub iliacha kulipokea kwenye amri za git tangu 13 Agosti 2021. Tengeneza ufunguo wa SSH (utambulisho badala ya neno la siri) kwa `ssh-keygen -t ed25519`, nakili yaliyomo kwenye faili linaloishia na `.pub` (lile jingine lisitoke kwenye mashine yako kamwe), bandika kwenye mipangilio ya akaunti, kisha pima kwa `ssh -T git@github.com`. Anwani ya mradi nayo ianze na `git@`, si `https`. Ikining'inia ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ofisi, huenda poti 22 (mlango unaotumiwa na SSH) imefungwa, pitia `ssh.github.com` poti 443.

tausi_k:
Niongezee kuhusu Windows, maana hapo ndipo pulrikwesti za kwanza zinapochafuka. Usifanyie kazi kwenye `main` (tawi kuu), fungua tawi lako la pembeni: `git switch -c sahihisha-maelekezo`. Kabla ya komiti (kurekodi badiliko kwenye git), andika `git diff --stat`. Kama umebadilisha neno moja, mstari wa mwisho uwe huu:

`1 file changed, 1 insertion(+), 1 deletion(-)`

Ukiona 800 kwa 800, usitume. Ama kihariri chako kimegeuza miisho ya mistari (alama zisizoonekana) kutoka LF ya Linux kuwa CRLF ya Windows, ama kimelipanga upya faili zima ulipohifadhi. Jaribu `git diff -w --stat`. Hesabu ikishuka hadi mstari mmoja, huenda ni miisho. Kwenye VS Code bonyeza CRLF pale chini kulia, chagua LF, hifadhi tena. Mtunzaji wa mradi hawezi kupekua mistari 800 akitafuta neno lako moja, na wala si haki kumtwisha mzigo huo.

Soma CONTRIBUTING pia (faili la kanuni za kuchangia). Miradi mingine inadai saini (mstari wenye jina lako kwenye komiti): `git commit -s`. Ukisahau, `git commit --amend -s`, halafu `git push --force-with-lease`.

kimara_mwisho:
Asanteni sana. Nimeshatuma kwa ile penseli. Inasema majaribio ya kiotomatiki yanasubiri idhini, nimekosea? Na tafsiri za Kiswahili natuma hivi hivi?

fundi_msimbo:
Hujakosea. Kwa mchangiaji mgeni, majaribio husubiri mtunzaji ayaruhusu. Wakikuomba marekebisho usifungue pulrikwesti mpya. Ongeza komiti kwenye tawi lile lile, itajisasisha. Wiki mbili zikipita kimya, uliza kwa adabu, mara moja tu.

tausi_k:
Tafsiri inategemea mradi. Django hupokea kupitia Transifex, Firefox kupitia Pontoon, LibreOffice kupitia Weblate, zote ni zana za kutafsiria mtandaoni. Alama kama `%(name)s` ziache zilivyo. Herufi moja ikipotea, programu inaweza kuanguka. Na neno "Deleted" likija peke yake, usiliharakishe: ni kitabu kimefutwa, faili limefutwa, au mtumiaji amefutwa? Kiingereza hakina ngeli, na aliyeliandika hakuwaza kwamba sisi tutazihitaji. Muulize linatokea kwenye skrini gani, ndipo utafsiri.