Maji ya mvua kuoshea vioo vya ghorofa Dodoma: yanaweza kwenda kwenye brashi bila rezini?

Kioo_Safi
Wakuu salaam. Tunaosha vioo vya ofisi za ghorofa tatu upande wa Mtumba kwa ile fimbo ndefu yenye brashi inayopitisha maji, hatukaushi kwa mpira wa kukwangulia maji. Maji ya kisima tunayonunua yanasoma TDS (chumvi zilizoyeyuka, miligramu kwa lita) 780, na rezini (punje za kunasa chumvi za maji) ya lita 10 inakufa kabla jengo halijaisha. Paa letu ni bati la msauzi, mita za mraba 120, na tuna simtanki la lita 5,000. Maji ya mvua yanasoma 18. Je, niyapeleke moja kwa moja kwenye brashi? Na yatanifikisha wapi?

bati_na_gata
Mkuu, anza na hesabu, maana wengi hujidanganya hapo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Toa kama asilimia 20 inayorukia nje, inayokauka juu ya bati na unayoimwaga. Mvua nzuri ya milimita 25 inakupa 120 × 25 × 0.8, yaani lita 2,400. Mvua mbili hivi na simtanki limejaa, zinazofuata zinamwagika uani. Paa lako kwa mwaka linaweza kutoa zaidi ya lita 50,000, ila Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Ukitumia lita 300 kwa siku, tanki lako ni siku 16 za kazi. Kiangazi chote hukivuki hata kwa dawa.

Usafi wa maji unaanzia kwenye gata. Baada ya miezi ya ukame bati limebeba vumbi jekundu na kinyesi cha ndege, kwa hiyo mvua ya kwanza ya msimu imwage yote. Zinazofuata, mwaga angalau milimita 1 ya mwanzo, ambayo kwako ni lita 120. Watu wanafunga kipande cha bomba la inchi 4 urefu wa mita moja wanasema wameweka mtego wa uchafu. Hicho kinabeba lita 8 tu! Tumia pipa la lita 200: maji ya gata yaingie humo kwanza, likijaa mpira unaoelea uzibe mdomo, maji yapite kwenda tankini. Chini ya pipa toboa tundu la milimita 2 au 3 lijimwage lenyewe kabla ya mvua nyingine. Tundu likiziba kwa matope, pipa linabaki limejaa na uchafu wote wa mvua ijayo unaingia tankini.

chujio_26
Kuhusu 18: kwa kukausha kwa mpira yanafaa kabisa, na sabuni utaweka kidogo kwa sababu maji laini yanatoa povu upesi. Kwa brashi bila kukausha, hapana. Salama ni chini ya 10, na kwenye vioo vyeusi au vya bluu lenga 0. Pitisha kwenye rezini hiyo hiyo, utaona tofauti. Lita 1 ya rezini mchanganyiko inashika takriban gramu 25 za chumvi. Kwa maji ya 780, lita zako 10 zinaishia kwenye lita 320 hivi. Kwa maji ya 18, kwa makadirio unazidi lita 12,000.

Halafu kipimo cha TDS kinaona chumvi zilizoyeyuka tu, vumbi hakilioni. Maji yanaweza kusoma 5 na bado yakaacha alama. Weka matone kwenye kioo safi cha kujitazamia, acha yakauke juani. Duara jeupe ni chumvi, nukta za kahawia ni vumbi, utando wa mafuta ni sabuni au uchafu wa majani. Kwa hiyo kabla ya rezini weka chujio la maikroni 5, na kama maji yana rangi ya chai ongeza la mkaa, kwani rangi ya majani inaichosha rezini mapema kuliko chumvi.

Usichote chini ya tanki. Funga mpira wa kuchotea kwenye kiboya, mdomo uning'inie sentimita 10 chini ya uso wa maji.

Kioo_Safi
Shukrani sana. Jirani ana tanki la saruji la lita 20,000 halitumii, naweza kuhifadhia humo ya mvua? Na hili la kwangu likipungua, si naweza kulijazia na ya kisima?

bati_na_gata
Yote mawili yanakurudisha nyuma. Lita 5 za mvua (18) na lita 1 ya kisima (780) tayari ni TDS 145. Saruji nayo inaachia chokaa ndani ya maji laini, hasa ikiwa mpya, na kipimo kinapanda kadiri maji yanavyokaa. Labda ulipake ndani rangi ya matangi ya maji. Bora matangi mawili: ya kisima kusugulia, ya mvua yaliyopita kwenye rezini kusuuzia tu. Brashi inatumia lita 1.5 hadi 2 kwa dakika, na kusuuza ukiwa mwepesi ni lita 60 kwa siku. Hapo lita 5,000 ni siku 80 na zaidi za kazi.

Mama_Usafi_DOM
Mfumo huo wa matangi mawili unaharibika kwa jua. Hewa ya huku ni kavu, maji ya kisima yakikaukia kiooni kabla hujasuuza, umepiga chokaa. Asubuhi osha upande wa magharibi, alasiri wa mashariki, na usisugue dirisha la pili kabla la kwanza halijasuuzwa. Nyavu za mbu zitolewe zioshwe chini, la sivyo matope yake yanashuka kwenye kioo ulichomaliza. Mpira wa juu wa fremu ya aluminiamu unaficha maji machafu: pitisha brashi hapo, ngoja kidogo, kisha suuza mara ya mwisho kuanzia juu.

Simtanki liwe jeusi na mfuniko ufungwe, mwanga ukiingia maji yanakuwa ya kijani. Na maji yaliyolala kwenye mpira wa maji juani yamwageni chini taratibu kabla ya kuanza, msiyanyunyize kama ukungu. Bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, wanapenda maji ya vuguvugu yaliyotuama, na huingia kwa kuvuta matone madogo. Usiku mpira uachwe mtupu.