Mada: Mbio za magari kwa mwenye ulemavu wa miguu, mtu aanzie wapi huku Ulaya?

Kutoka: Kijana wa Birere, sasa Liège

Jambo wakubwa, jambo ndugu wote wa Goma na Bukavu,

Wengi wenu mnanifahamu. Polio ilinishika nikiwa mtoto, miguu yote miwili haina nguvu, na pale Goma nilikuwa naendesha kinga, yaani baiskeli, ya matairi matatu kwa mikono, nikivusha mizigo ya wafanyabiashara Petite Barrière kwenda Gisenyi na kurudi. Sasa niko Liège, nina kazi, na nina leseni ya gari la otomatiki lenye vifaa vya mkono, yaani freni na mwendo naviendesha kwa mikono badala ya pedali.

Nataka kushindana kwa gari. Kutazama kwenye televisheni hakunitoshi. Uwanja wa mbio wa Spa-Francorchamps uko karibu, wenzangu kazini hawana mazungumzo mengine, na mikono yangu naijua: imepandisha mizigo mizito kwenye mawe ya volkano. Je, nahitaji leseni gani? Gari gani? Pesa kiasi gani? Na daktari anaweza kunikatalia kwa sababu tu ameona kigari changu cha walemavu? Nilipigia simu klabu moja, mtu akanijibu kwamba mchezo huu si wa watu wa hali yangu, akakata.

Aksanti sana.

Kutoka: Yaya wa Himbi, sasa Birmingham

Mdogo wangu,

Aliyekukatia simu hajui anachosema. Alex Zanardi, dereva Mwitaliano, alipoteza miguu yote miwili mwaka 2001 kwenye uwanja wa Lausitzring, Ujerumani. Mwaka 2003 alirudi palepale akamalizia mizunguko 13 iliyokuwa imebaki siku ile ya ajali, na mwaka 2005 alishinda mbio mojawapo za ubingwa wa dunia huko Oschersleben ndani ya BMW, akikanyaga freni kwa mguu wa bandia na kuongeza mwendo kwa pete iliyofungwa kwenye volani. Frédéric Sausset, Mfaransa, alikatwa mikono na miguu kwa sababu ya maambukizi, na mwaka 2016 alimaliza Saa 24 za Le Mans, mbio za mchana na usiku huko Ufaransa. Shirikisho lenyewe la dunia, FIA, lilimkabidhi uongozi wa tume yake ya watu wenye ulemavu mwanamke aliyevunjika shingo akiwa msichana, Nathalie McGloin, ambaye anashindana kwa Porsche huku Uingereza. Mwambie huyo bwana wa klabu majina hayo matatu, kisha utafute klabu nyingine.

Mimi uti wa mgongo wangu ulivunjika katika ajali ya lori barabara ya Sake. Naendesha uwanjani kwa mikono, na haya ninayokuandikia nayaishi.

Usianze kutafuta gari. Kitu cha kwanza watakachotaka kuona, kabla hata ya kukuuliza kama unajua kukata kona, ni kama unaweza kutoka ndani ya gari peke yako, kwa haraka, ukiwa umevaa kofia ngumu, ovaroli ya kuzuia moto na glovu, mikanda ikiwa imefungwa. Gari likishika moto, waokoaji wanaweza kuwa mbali nawe, na sekunde hizo ni zako mwenyewe. Hapo ndipo wengi wetu hukwama, tena si kwa udhaifu wa mikono. Gari la mbio lina fremu ya vyuma ndani, na mara nyingi chuma kimoja hupita katikati ya mlango. Mwenye miguu hukiruka. Wewe itabidi ujiinue kwa mikono, ukalie chuma hicho, kisha uvute miguu mmoja mmoja. Ukikuta gari ambalo chuma hicho kimefungwa juu sana, achana nalo hata likiwa bei ya bure. Tafuta lenye chuma cha chini, mlango mpana, na volani inayochomoka.

Anza zoezi hilo leo na gari lako la kawaida, hapo mbele ya nyumba, rafiki akishika saa. Kwanza kwa nguo za kawaida, halafu kwa koti zito na kofia. Fanya upande wa dereva, kisha upande wa abiria, maana gari linaweza kulalia mlango wako. Mikono iliyosukuma kinga yenye mizigo kwenye mawe ya Goma inaweza kukupa faida ambayo Mzungu wa gym hana.

Jambo la pili ni mwili. Wewe una polio, mimi nina uti wa mgongo, na tofauti hiyo usiache mtu yeyote aipuuze, hata daktari. Polio ilichukua nguvu ya misuli lakini haikuchukua hisia. Bomba la moshi likichemsha sakafu, utasikia mguu unaungua. Mimi sisikii. Ndiyo maana kila nikitoka uwanjani naangalia ngozi yangu kwa kioo, makalio na visigino, kwa sababu kidonda cha kukaa huanza kama alama nyekundu isiyouma na kinaweza kukulaza hospitali miezi. Chini ya pale uti ulipokatika sitoki jasho vizuri, kwa hiyo ndani ya ovaroli joto linanipanda upesi. Najipulizia maji na nakaa kivulini hadi dakika ya mwisho. Na kama humu kuna ndugu aliyeumia uti juu, kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda shingoni, asiingie garini kibofu kikiwa kimejaa: shinikizo la damu linaweza kuruka ghafla, kichwa kikapasuka kwa maumivu, na hilo linaweza kuua.

Wewe jihadhari na uchovu. Waliougua polio utotoni, misuli inayofanya kazi hubeba mzigo wa ile iliyolala, na miaka ikienda hulipa gharama. Usifanye mazoezi mpaka mikono itetemeke. Na baridi ya huko kwenu Ubelgiji: mguu usio na misuli hupoa haraka, vaa soksi nzuri, lakini uwe na viatu vyembamba visivyonasa.

Tatu, vifaa vya mkono. Kile ulicho nacho barabarani, nadhani ni mtaimbo wa kusukuma kwa freni na kuvuta kwa mwendo, kinakuachia mkono mmoja tu kwenye volani. Barabarani inatosha. Uwanjani, kwenye kona ya kasi, utatamani mikono yote miwili, ndiyo maana wengi hutumia pete kwenye volani kwa mwendo na mtaimbo kwa freni tu. Ila usinunue pete leo. Anza na ulicho nacho, mikono ijifunze. Chagua gari lenye freni na volani za kusaidiwa na injini, kwa sababu gari halisi la mbio lisilo na msaada huo linadai nguvu ya paja, na mkono hauna nguvu ya paja. Miguu yako ifungwe kwa mkanda laini mbali na pedali.

Huku Uingereza kuna shirika liitwalo Spinal Track, alilolianzisha McGloin na wenzake, linalowapa watu kama sisi nafasi ya kuendesha uwanjani magari yenye vifaa vya mkono. Kuna pia Team BRIT, timu nzima ya madereva wenye ulemavu. Ukija kunitembelea tutapanga, sebule yangu haina ngazi.

Kutoka: Mzee wa Kadutu, sasa Hasselt

Mwanangu wa Liège, jambo. Yaya amesema vizuri. Mimi najitolea kama msimamizi wa bendera kwenye uwanja wa Zolder, nikuongezee ya Ubelgiji.

Angalia nyuma ya leseni yako. Namba 78 maana yake otomatiki, 20 ni freni iliyobadilishwa, 25 ni pedali ya mwendo, 40 ni volani. Namba hizo ni zilezile katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na gari lolote utakaloliendesha barabarani kwenda kwenye mashindano lazima lifanane nazo. Zisipofanana na likatokea la kutokea, kampuni ya asiransi (bima) inaweza kukuachia deni.

Leseni ya mbio ni kitu kingine. Juu kabisa kuna RACB, shirikisho la mbio za magari la Ubelgiji, na chini yake ASAF kwa upande wa wanaosema Kifaransa na VAS kwa Waflamandi. Wewe wa Liège nenda ASAF. Uliza mambo mawili tu kwa barua pepe, ili upate jibu la maandishi: slalomu (mbio za kupita kati ya koni) ipi ya mwanzo unaweza kushiriki kwa kibali cha siku moja, na daktari wao anataka karatasi gani kwa gari lenye vifaa vya mkono. Usipige simu. Simu hukatwa, barua hubaki. Daktari wako wa polio aandike waziwazi nguvu ya mikono, nguvu ya mgongo, na kwamba hisia ipo miguuni. Daktari wa shirikisho akisoma hayo kabla ya kuona kigari, mazungumzo yanakuwa mengine.

Nasema slalomu kwa makusudi. Kuna watakaokwambia anza na karti, vile vigari vidogo vya mbio visivyo na paa, kwa kuwa ni rahisi. Mimi sikubali, kwa mtu wa hali yako. Karti haina springi, kila jiwe linakuja mgongoni, na karti ya kawaida haina mkanda. Mtu asiyeweza kujishikiza kwa miguu anayumba kama gunia. Ziko karti zilizotengenezwa kwa walemavu, zina kiti maalumu na mikanda, hizo sawa. Lakini kwenye slalomu uko ndani ya gari lenye paa, unakwenda peke yako katikati ya koni, saa inakuhesabu, hakuna wa kukugonga. Kasi si kubwa na unajifunza kile hasa unachohitaji: mkono wa freni na mkono wa volani kufanya kazi pamoja.

Jambo moja nakukataza kama baba. Vijana wa Liège watakualika Nürburgring, ule mzunguko wa zamani unaolipia mlangoni. Siku za wageni pale ni barabara ya umma kisheria, kupima muda ni marufuku, na asiransi nyingi zinaukataa. Ukigonga chuma cha pembeni, unalipa chuma, unalipa gari la kuvuta, na ukifunga barabara unalipa na hilo. Usiende mpaka umekuwa mzoefu.

Na ukifika kwenye uwanja wowote, kabla ya yote mtafute mkuu wa waokoaji, umwoneshe gari lako na jinsi unavyotoka. Sisi wenye bendera tukiona mtu hatoki, tunadhani amezimia. Tukijua mapema kwamba dereva atatokea kwa mikono na kukaa chini kando ya gari, tunakuja na kigari.

Utafute habari za Nigel Bailly, Mbelgiji wa hapa, anatumia kigari. Mwaka 2021 alimaliza Le Mans na Mjapani Takuma Aoki, naye amepooza miguu, katika timu ya yule Sausset aliyetajwa na Yaya.

Kutoka: Fundi wa Majengo, Goma

Ndugu zangu, jambo. Ninasoma barua hizi kwenye garaji, vijana wangu wamenizunguka. Mimi natengeneza kinga za walemavu, zile za matairi matatu, na wateja wangu wengi wanapata viungo vya bandia pale Shirika la Umoja. Sasa wawili wamenunua Toyota za otomatiki kutoka Japani na wanataka kuendesha kwa mkono. Kijana, unaweza kunipigia picha ya kifaa chako kutoka chini, pale kinaposhika pedali? Bomba za chuma ninazo na mashine ya kulehemu ninayo.

Kutoka: Yaya wa Himbi, sasa Birmingham

Kaka Fundi, kazi yako naiheshimu, dada yangu alipanda kinga yako. Lakini pedali ya freni usiilehemu. Moto unaharibu chuma cha pedali, na kitavunjika siku mtu anaposukuma kwa nguvu zake zote mteremkoni. Kifaa kizuri kinashika pedali kwa vibanio vya bolti, kinafungwa kwenye fremu ya kiti au chini ya volani, na unaweza kukifungua ukakagua. Ukijaribu, simamisha gari, injini inawaka, sukuma mtaimbo kwa uzito wako wote mara nyingi: kisipinde, kisiteleze, na kisiguse pedali ya mwendo hata kidogo. Kisha zungusha volani hadi mwisho pande zote uone kama mtaimbo unagonga goti.

Magari yenu yana volani kuume na hapa Birmingham pia. Kwa hiyo kifaa kilichotumika huku kitaingia kwenu kwa urahisi kuliko cha Liège. Nipe jina la gari na mwaka wake. Nitatafuta viwili vilivyotumika, tuone nani anasafiri.

Kutoka: Kijana wa Birere, sasa Liège

Aksanti Yaya, aksanti Mzee, Fundi picha nimekutumia.

Jana jioni nimejaribu kutoka garini nikiwa na koti la baridi na kofia ya pikipiki ya jirani. Upande wangu natoka vizuri. Upande wa abiria fimbo ya vitesi (gia) inaninasa suruali, nitatafuta suruali ya kubana. ASAF nimewaandikia kama Mzee alivyosema, maswali mawili tu. Pesa niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya gari naigeuza: kofia na kile kishika shingo kwanza, vyote vipya vyenye alama ya FIA, maana nimesoma kwamba vya zamani hukataliwa kwenye ukaguzi.

Mzee, kama kuna slalomu utakayosimamia bendera mwezi ujao, naweza kuja kutazama tu, niongee na huyo mkuu wa waokoaji? Na pale kuna choo ambacho kigari kinaingia?

Kutoka: Mzee wa Kadutu, sasa Hasselt

Njoo. Choo kipo, nyuma ya jengo la ukaguzi, ila kinafungwa kwa ufunguo. Nitauchukua asubuhi niuweke mfukoni mwangu. Egesha upande wa kushoto wa lango, kule kulia ni changarawe tupu. Mama ataweka sombe na fufu kwenye gari, usinunue chakula cha pale.