Jibu: Mkataba wa ulinzi wa Dubai aliopewa mdogo wangu

> Ndugu zangu, mdogo wangu aliyeko Kampala amepewa mkataba wa kulinda majengo Dubai. Wakala anasema wanapendelea watu waliowahi kuwa askari, naye alikuwa askari kabla ya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, kuanguka mikononi mwa waasi wa M23. Nauli imeshalipwa, imebaki sahihi tu. Naomba ushauri.
> Mama Furaha, Liège

Mama Furaha, jambo sana.

Nimesoma kurasa ulizopiga picha. Kabla ya kufika kwenye mshahara, rudi kifungu cha saba, kinachosema kwamba atafanya kazi "Dubai au mahali pengine popote mteja atakapoelekeza". Mlinzi wa jengo hapelekwi popote, jengo halihami. Mwaka 2024 wanajeshi wastaafu wa Kolombia waliokubali kazi ya ulinzi katika Falme za Kiarabu walijikuta Darfur, katikati ya vita vya Sudan.

Sisi wa Goma tumeyaona haya kwa macho. Tarehe 29 Januari 2025 nilikuwa nimekimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, na watoto, na pale mpakani nikawaona Waromania waliokodiwa kulisaidia jeshi letu wakivuka, zaidi ya 280, mabegi mgongoni, wakipekuliwa mmoja mmoja. Iliripotiwa kwamba walikuwa wakilipwa hadi dola 5,000 kwa mwezi, na askari wetu kama dola 100. Watu waliokuwa karibu nami walizungumzia hizo pesa. Mimi nilitazama mabasi yaliyokuwa yakiwasubiri kuwapeleka Kigali, wakapande ndege ya kwao. Wazee wa Bukavu wanaikumbuka Novemba 1967, mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme, waliokuwa wamemwasi Mobutu, walipovukia Rwanda: wazungu hatimaye walisafirishwa hadi Ulaya, lakini wajandarma wa Katanga, askari Wakongo waliopigana bega kwa bega nao walirudishwa mikononi mwa serikali ya Mobutu. Mdogo wako ana pasipoti ya Kongo. Basi lake litatumwa na nani?

Kwa hiyo mwulizeni wakala jina la mwajiri mwenyewe na la mwenye zabuni. Kampuni kubwa hushinda zabuni, huikatia kipande kampuni ndogo, nayo humwachia wakala kutafuta watu. Maelfu ya Waganda waliokwenda kulinda kambi za Wamarekani Iraki walipitia mlolongo kama huo. Ikiwa zabuni ni ya serikali ya Marekani, kuna sheria ya mwaka 1941, Defense Base Act, inayomlazimisha mwajiri, hata huyo wa chini, kumkatia mfanyakazi bima ya kuumia na kifo bila kujali uraia wake. Kwa kawaida madai hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja, na ndiyo maana nakala ya mkataba ikae kwako Liège, isiishie kwenye begi lake. Ikiwa zabuni si ya Wamarekani, bima ni ile tu iliyoandikwa kwenye mkataba, na huu hauitaji hata kwa neno moja. (Ipo pia Hati ya Montreux ya mwaka 2008 kuhusu kampuni binafsi za kijeshi na ulinzi, ila yenyewe inasema haimfungi mtu kisheria.)

Asisaini kwanza. Jumamosi nitakwenda naye kwa wakala, tudai maneno "mahali pengine popote" yafutwe na bima iandikwe. Wakikataa, nauli yao irudishwe; mimi natoa dola 50, na wengine humu waseme watatoa ngapi.

Baba Amani, Kampala